Pikipiki baada ya kupandikizwa kifaa cha mgongo

Mama, umeuliza kama unaweza kupanda pikipiki hadi soko la Kadutu, wiki 3 baada ya kupandikizwa kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu ya mgongo. Bado. Nyaya za kifaa hicho, zilizo karibu na uti wa mgongo, hushikiliwa na kovu linalokomaa kwa takriban wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo kuinama, kujipinda, au hata kuinua mikono ufunge kitambaa kichwani kunaweza kuzisogeza, na mtetemo wa umeme wa kifaa ukahamia pasipouma. Ndoo ya maji waachie watoto. Kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, umwone daktari siku hiyohiyo. Na kama betri ni ya kuchajiwa, usingoje iishe, umeme wa Bukavu unaujua.