Jibu: Modeli ya Nzoia inafurika hata mto ukiwa mdogo

Habari ndugu. Nimekuelewa: modeli yako ya kompyuta ya mafuriko ya mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, inafunika eneo lote la Budalangi hata kwa maji kidogo, kana kwamba matuta ya kuzuia mafuriko kando ya mto hayapo. Na kweli hayapo! Data ya mwinuko wa ardhi ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ina pikseli za mita 30. Tuta la upana wa mita chache linamezwa humo. Anza hapo kabla ya kugusa kitu kingine. Mimi nilitembea juu ya tuta na kifaa cha kupimia, kisha nikachora mstari wake kwa mkono ndani ya HEC-RAS, programu ya kuiga mtiririko wa maji mtoni. Siku mbili za jua kali, lakini maji kwenye modeli yakatulia mtoni.

Halafu angalia kimo cha ziwa ulichoweka mwishoni mwa mto. Ziwa Victoria likijaa kama Mei 2020, Nzoia inakosa pa kumwaga. Maporomoko ya tope uliyouliza pia sijawahi kuyapigia hesabu, wenzangu watakusaidia.