Kilwa na familia siku tano: angalia mwezi kabla hujaomba likizo

Mkuu, umeuliza kama Kilwa inafaa kwa siku tano ukiwa na mke, watoto wawili na mama mzazi anayesumbuliwa na magoti, ukaulizia na mji mkongwe wa wavuvi, na mdau mmoja kakujibu kwamba "Kilwa ni magofu tu, nusu siku umemaliza". Simshangai. Ukishuka Masoko asubuhi, ukavushwa, ukazungushwa na kurudi kuwahi basi, utaona magofu tu. Mimi nimeoa Kivinje, kwa hiyo huko nakwenda kama mkwe, na mkwe hana haraka.

Kwanza zitenganishe Kilwa tatu, maana watu wanazichanganya. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya: nyumba za wageni, benki, gati, ufukwe wa Jimbiza. Lala hapo. Kilwa Kisiwani ni kile kisiwa cha magofu, unakiona kwa macho ukiwa gatini Masoko. Kilwa Kivinje iko kaskazini, unarudi na barabara ya Nangurukuru kisha unakata kulia kuelekea baharini. Huo ndio mji mkongwe wa wavuvi unaouulizia, na ndio ambao wageni wengi wanaupita.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyekuambia: pale kila kitu kinakwenda na maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Bahari inakupwa sana saa nne tano asubuhi, halafu inajaa kwelikweli kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa zinageuka: asubuhi maji yapo, jioni yameondoka, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa mwenye watoto, bamvua ni neema. Asubuhi mnatembea juu ya mwamba mkiangalia kina mama wakitafuta pweza kwa vijiti, mchana mnalala, jioni jua limepoa watoto wanaoga Jimbiza maji yakiwa yamejaa. Ukienda wakati wa maji mafu, saa ya kuogelea inaangukia asubuhi, na jioni mtabaki mnatazama mchanga.

Kati ya bamvua mbili, chukua ile ya giza. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wengi wao wamepumzika, wanashona nyavu. Tafuta kalenda ya Kiislamu, ile ya ukutani tu inatosha. Ukifika tarehe 27 au 28 ya mwezi na kuondoka tarehe 2 au 3 ya mwezi unaofuata, umepata bamvua na dagaa kwa pamoja. Isipokuwa Ramadhani, maana migahawa mingi mchana imefungwa na watoto watakusumbua.

Kivinje nenda alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu mashua zinaingia, watu wanaingia majini mpaka kiunoni kupokea matenga. Samaki wanamwagwa juu ya turubai kwa mafungu: changu, tasi, kolekole, pono, ngisi, taa aliyekunjwa kama godoro. Mnadi anasimama katikati akitaja bei, na anayenunua hapandishi sauti. Anainua kidevu kidogo, basi. Mara yangu ya kwanza nilidhani fungu limekosa mteja, kumbe limeshanunuliwa na mama mmoja aliyekaa juu ya ndoo nyuma yangu. Pembeni dagaa wanachemshwa na chumvi kwenye mapipa yaliyokatwa, kisha wanaanikwa. Moshi wake utaingia kwenye nguo zenu na hautatoka siku hiyo, vaeni za kufulia.

Msiondoke mnada ukiisha. Subirini maji yakupwe, mashua zilale ubavu, hapo mafundi wanaanza kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Mtoto wangu wa pili alisimama mbele ya fundi mmoja karibu saa nzima. Fundi anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaiweka kwenye mshono wa mbao, anaigongea na patasi butu, tuk tuk tuk, kisha anapitisha kidole gumba kusikiliza kama pamba imekaa. Ndiyo, kusikiliza, ndivyo alivyosema mwenyewe. Mahali pengine alichimbua yote na kuanza upya.

Kisha tembeeni mjini. Kivinje ilitajirika karne ya 19 kwa misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa, pembe za ndovu na watumwa, na baadaye Wajerumani wakaweka boma lao pale pale ufukweni. Boma lipo, limechakaa vibaya. Nyumba za matumbawe zenye milango ya nakshi zinaanguka moja moja, nyingine ni kuta tu na mpapai umeota sebuleni. Kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, ndipo Wajerumani walipowanyongea watu, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Wenyeji wanapasimulia wazi, bila kulialia, lakini hapo si pa kupigia picha za kuchekacheka. Na kwa ujumla Kivinje ni mji wa kiustaarabu wa pwani: kanga mabegani, salamu kwanza, kamera baadaye. Nguo za kuogelea ni za ufukweni Masoko.

Kisiwani ipe siku nzima yake. Magofu yapo chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mnalipia kwanza Masoko, mnachukua risiti na mwongoza wageni. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1331 na akausifia mji, enzi ambazo dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipitia mikononi mwa masultani wa Kilwa. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 ukaja kupanuliwa. Ingieni ndani ya sehemu yenye makuba, watoto waseme kitu kwa sauti, wasikie inavyorudi. Gereza, yaani ile ngome ya ufukweni, Wareno walilianza 1505 na Waomani wakalijenga upya. Husuni Kubwa, kasri la Sultan al-Hasan bin Sulaiman, iko mbali kidogo, ni mwendo wa mguu juani, ila bwawa lake la pembe nane juu ya genge la bahari linalipa jasho lote. Na ukiwa na mtoto anayependa maajabu, mwambie kwamba mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Chakula hakina shida. Supu ya pweza, wali wa nazi, samaki wa kupaka, vitumbua asubuhi. Nunua samaki mnadani umpe mama ntilie akupikie, utalipia mapishi tu.

Njia kutoka Dar: Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru. Lami mwanzo mwisho, lakini masika usijaribu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote. Juni na Julai upepo wa kusi unavuma, bahari inachafuka na kuvuka na watoto ni adha. Septemba mpaka Novemba bahari imetulia, ingawa Novemba joto linaanza kukaba. Kwa likizo ya shule ya Desemba bado inawezekana, chandarua tu msisahau. Masoko yenyewe inabadilika upesi, bandari ya uvuvi iliwekewa jiwe la msingi 2023, kwa hiyo bei za vyumba ulizia upya, usitegemee za kwenye nyuzi za zamani humu.

Umemtaja mama mzazi na magoti yake. Kivuko si kirefu, tatizo ni kupanda na kushuka. Mwambie nahodha mapema kwamba una mtu mzima, muulize boti itafungwa wapi maji yakikupwa, na kama ni bamvua ondokeni alfajiri mapema kabla maji hayajaondoka, mrudi alasiri yakiwa yamejaa. Mbebe chakula na mkeka. Msikiti Mkuu na Gereza ataviona bila taabu. Ya Husuni Kubwa mwacheni avulini na wenyeji wa kisiwani, ninyi mwende, mkirudi mtamkuta keshajua ukoo wa kila mtu.