Jibu: Rejesta ya kisukari ina wagonjwa wengi kuliko wanaofika kliniki

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini rejesta ya kliniki yenu hapo Urambo ina watu wengi kuliko wanaohudhuria, na kwa nini wastani wa sukari unatoka namba za ajabu.

Kagua kwanza majina yanayojirudia. Mtu mmoja huandikwa Mwajuma leo, Mwaijuma mwezi ujao, kila mara kwa namba mpya. Panga orodha kwa simu, kisha kwa mwaka wa kuzaliwa. Rekodi mbili za mtu mmoja ziunganisheni, msifute yoyote, la sivyo vipimo vya zamani vitapotea.

Namba za ajabu chanzo chake mara nyingi ni vizio, yaani vipimio vinavyotumika kuandika sukari ya damu. Mashine moja husoma mmol/L (milimoli kwa lita), nyingine mg/dL (miligramu kwa desilita). 126 mg/dL ni 7.0 mmol/L, yaani unagawa kwa 18. Glukomita (mashine ndogo za kupimia sukari) nyingi huishia 33.3 mmol/L, sukari ikipita hapo huonyesha HI tu, yaani juu mno. Kwa hiyo 180 kwenye safu ya mmol/L ni kosa la kuingiza. Andikeni pia kama mgonjwa alikuwa hajala.

Kisha kila Jumatatu toeni orodha ya waliopitisha siku 90 bila kuonekana. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya rejesta, kuliko ripoti yoyote ya wastani. Msimu wa tumbaku watu huhamia mashambani, hivyo chukueni simu ya ndugu na jina la kitongoji.

Mwisho, miguu ya mgonjwa isipokaguliwa, andika kwenye rejesta "haijakaguliwa". Ukiacha wazi, anayefuata atadhani ni mizima.