Passé composé au imparfait? Kiswahili chako kinajua

Wanafunzi wengi wa Kifaransa hufundishwa kwamba, kati ya nyakati mbili za kusimulia yaliyopita, tendo fupi ni passé composé na tendo refu ni imparfait. Tafadhali iache kanuni hiyo, inapotosha. "J'ai vécu dix ans à Goma", niliishi Goma miaka kumi, ni passé composé, na miaka kumi si muda mfupi hata kidogo.

Jiulize hivi: ninalitazama tendo zima, mwanzo hadi mwisho, au nimeingia katikati yake likiwa bado linaendelea? "Je vivais à Goma quand j'ai rencontré ma femme", nilikuwa nikiishi Goma nilipokutana na mke wangu. Kuishi kulikuwa kunaendelea, ndipo kukutana kukatokea.

Sisi wenye Kiswahili tofauti hii tunayo tangu utotoni. Kila ninaposita, huipima sentensi kwa "nilikuwa niki-". Ikikubali bila maana kuharibika, naandika imparfait: nilikuwa nikisoma umeme ulipokatika, "je lisais quand le courant a été coupé". Ila ukishataja idadi, iwe miaka kumi au mara tatu, kwa kawaida umelifunga tendo. Rudi kwenye passé composé.

Mtego mkubwa uko kwenye -li-, maana inabeba mengi. "Jana tulikula samaki" ni "nous avons mangé". "Utotoni tulikula samaki kila Ijumaa" ni mazoea, kwa hiyo Kifaransa kinadai "nous mangions", ingawa kitenzi chetu hakikubadilika hata herufi moja. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wasitafsiri kiambishi. Kwa upande wa -me- mara nyingi mambo ni mepesi: nilikula (ya mara moja, si ya mazoea) na nimekula, zote ni "j'ai mangé".

Vitenzi vya hali ya moyo na akili vinahitaji uangalifu zaidi. "Je savais" ni nilikuwa najua. "J'ai su" ni nilipata kujua, ile dakika habari iliponifikia. Ukivichanganya, msomaji wako ataelewa jambo jingine kabisa.

Plus-que-parfait, wakati wa tendo lililokwisha kabla ya jingine lililopita, isikutishe, ni "ilikuwa ime-" yetu: tulipofika bandarini, meli ilikuwa imeondoka, "quand nous sommes arrivés au port, le bateau était parti".

Kuunda imparfait ni rahisi: chukua umbo la nous (sisi) la wakati uliopo, ondoa -ons, ongeza viishio vyake. Kinachokaidi ni être (kuwa) peke yake. Passé simple, wakati uliopita wa maandishi, kama "il fut" (alikuwa) au "elle naquit" (alizaliwa), utaikuta kwenye riwaya na vitabu vya historia. Itambue unaposoma, usihangaike kuizungumza.

Kwa mazoezi, hakuna kilichonifaa kama habari fupi za magazetini kuhusu ajali au wizi. Zimejaa passé composé, imparfait na plus-que-parfait katika aya chache. Pigia mstari kila kitenzi, kisha eleza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa nini mwandishi amekiweka hivyo.