Yule Mtoto Niliyemtoa Katika Hadithi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nimezima na feni. Unasema: "Mama, ulipotusimulia habari za Carrie, yule msichana wa hadithi ya Kiingereza, alichotupa bwawani kilikuwa hirizi ya nyumba. Leo hadithi yenyewe nimeitazama na watoto, kumbe ni fuvu, tena wanasema la mtoto Mwafrika. Kwa nini ulimtoa?" Nakujibu kwa maandishi, maana kwa simu nitaishia kukuuliza umepika nini.

Mwanzoni mwa 1974 nilikuwa Wales, mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa kwanza. Ilikuwa ile miezi ya mgogoro wa wachimba makaa ya mawe, viwanda vinapewa umeme siku tatu kwa wiki, na sisi bwenini tunashinda na makoti mpaka ndani. Sebuleni kulikuwa na televisheni moja. BBC ikaleta Carrie's War, yaani Vita vya Carrie, sehemu tano. Mchezo ulikuwa wa watoto, lakini waliojaa pale ni wauguzi wazima, kwa kuwa mambo yalikuwa ya kwao: bonde la makaa, kanisa, mwenye duka mkono wa birika, na watoto wa London walioletwa kwa treni wakati wa vita, kila mmoja na kikaratasi cha jina kifuani na barakoa ya kujikinga na gesi. Septemba 1939, kwa siku tatu za mwanzo tu, walihamishwa hivyo watu kama milioni moja na nusu. Wanafika ukumbini, wenyeji wanapita wakichagua, huyu namtaka, yule simtaki. Baadhi ya wenzangu mama zao ndio waliokuwa wakichagua.

Nina Bawden, aliyeandika riwaya yenyewe mwaka 1973, alikuwa mmoja wa watoto hao. Yeye alipelekwa Aberdare. Na hili baba yako angelifurahia: mumewe, Austen Kark, baadaye alikuwa mkuu wa matangazo ya BBC ya nchi za nje, pale Bush House kulikotoka taarifa ya habari ya Kiswahili ambayo baba yako alikuwa haikosi hata kwa mvua. Kark alifariki katika ajali ya treni ya Potters Bar, 2002, na Bawden alikuwa pamoja naye akaumia vibaya. Halafu akaandika kitabu kizima kama barua kwa marehemu.

Nirudi sebuleni. Nilimpenda sana Nick, mdogo wake Carrie, kwa ulafi wake na kwa ulimi wake. Bwana Evans, yule mwenye duka aliyewapokea, alikuwa na zulia la ngazi. Asubuhi ukishashuka ndiyo basi, mpaka usiku, lisije likachakaa! Nilicheka, kwa sababu Tanga nilikuwa na shangazi mwenye makochi ya namna hiyo hiyo, ya kutazamwa.

Kisha Hepzibah, mpishi wa nyumba kubwa ya bondeni walikokuwa wakienda Carrie na Nick, akatoa hadithi ya fuvu. Wenye nyumba walitajirika kwa sukari na watumwa. Wakaleta mtoto wa kiume kutoka Afrika, akafa kwa homa, na kabla hajafa akawaapiza: wakishamzika wafukue kichwa chake wakiweke ndani ya nyumba, na siku kitakapotoka nyumba itaangamia. Chumba kizima kikawa kimya. Hakuna aliyesema neno baya. Msichana mmoja alinisogezea kopo la biskuti, kama vile nimefiwa.

Labda unadhani nilimtoa yule mtoto kwa ajili ya kopo lile. Hapana.

Nilipokuwa na miaka saba au minane, Pangani, wanawake wawili waligombana kisimani, mmoja akamtupia mama yangu neno: mzalia. Nikauliza njiani maana yake nini. Mama akaniambia nishike ndoo vizuri. Baadaye nikajua, kama watoto wa pwani wanavyojua mambo, kwa kusikiliza nyuma ya mlango, kuwa mzalia ni wa uzao wa watumwa: mama yake bibi aliletwa akiwa mtoto kutoka upande wa Nyasa, na bibi akazaliwa ndani ya nyumba ya bwana. Huko kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, bibi akiwa mtu mzima. Ukimuuliza, "Bibi, kwenu wapi?" alijibu, "Kwetu hapa hapa," na mkono wake unaendelea kuchambua mchele.

Basi nilipoanza kuwasimulia nyinyi habari za Carrie, nikifika kwenye fuvu ulimi unakuwa mzito. Nikaweka hirizi. Hadithi ikaenda vizuri tu, Carrie akatupa, nyumba ikaungua, mkalala. Na mimi nilitupa bwawani kwa namna yangu.

Lakini tusimwongezee yule mtoto uzito asio nao. Ndani ya riwaya yenyewe Albert, yule kijana wa vitabu, haamini kama fuvu ni lake. Na kuna hadithi kama hiyo huko Dorset, Uingereza, kwenye nyumba ya Bettiscombe: kwa miaka mingi walisema fuvu lililomo ni la mtumwa mweusi aliyeletwa kutoka mashamba ya Nevis, kisiwa cha Karibi, mpaka wataalamu walipolichunguza wakakuta ni la mwanamke wa kale sana, wa kabla ya historia. Walioletwa kweli utawaona kwenye picha za kuchorwa za karne ya 18, mtoto mweusi pembeni ya bibi mkubwa, na pengine kola ya fedha shingoni. Wapeleke watoto makumbusho, usiwaonyeshe fuvu tu.

Kilichonikaa zaidi ni Carrie. Anatupa fuvu, kesho yake akiwa kwenye treni anaiona nyumba inawaka, na kwa miaka thelathini hathubutu kuandika barua kuuliza nani amekufa. Hakufa mtu. Stempu moja ingemtosha. Mama yangu naye aliishi mpaka 1991, na kila likizo nilikaa naye barazani, tunamenya machungwa, tunaongea bei ya nazi.

Jina la yule aliyetoka Nyasa ninalolijua ni alilopewa na mwenye nyumba. Nitakutajia ukija Desemba, si kwenye karatasi. Watoto waambie hadithi yote, na yule mtoto wa kiume ndani yake. Nick akiiba biskuti dukani usipunguze kitu, hapo ndipo wewe ulikuwa unacheka sana.

Mama yako,
Tanga