Kabla ya fulana, tengeneza orodha ya simu

Tulipoanza kikundi chetu cha kujitolea tulikuwa watu kumi na mmoja wenye bango moja na hasira tele. Ilikuwa Novemba, tukaingia kwenye Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, zile zinazoanza Novemba 25 hadi Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu. Tukaandamana, tukahutubia, tukapiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja alimvuta mwenzetu pembeni akamsimulia yaliyompata usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kumpeleka. Mchana kutwa tulikuwa tumewahimiza watu wavunje ukimya. Mmoja kauvunja, sisi tukabaki kutazamana.

Kwa hiyo ukiniuliza kikundi cha kujitolea kianzie wapi, nitakwambia fulana zisubiri. Jua kwanza ni kituo gani cha afya kinachopokea manusura, nani polisi anashughulikia kesi hizi, wapi kuna msaada wa kisheria wa bure, wapi mtu anaweza kulala akiwa salama. Nendeni kwa miguu mkaone, na kila namba mpige wenyewe. Baadhi ya zile tulizokusanya sisi zilikuwa hazipokelewi. Muda nao haungoji: aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora; dawa za kuzuia mimba, ndani ya siku 5. "Njoo Jumatatu ofisini" inaweza kumpotezea nafasi hiyo.

Kosa jingine letu: tulikwenda kumkabili mume wa mtu. Tukarudi tunajiona mashujaa, kumbe tuliyemwacha nyumbani ndiye aliyelipa. Siku hizi hatuendi. Tunamweleza manusura njia zilizopo, yeye anaamua, hata akiamua kurudi nyumbani na sisi tukaumia moyo. Akiwa mtoto ni suala jingine. Hapo usiahidi siri, maana huenda sheria inakutaka utoe taarifa.

Na ukishika kipaza sauti, usiwazungumzie manusura kama watu wa mbali. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono. Wamo kwenye viti vya mbele yako.

Halafu kuna jambo tulilochelewa kuliona kwa sababu lilikuwa ndani yetu. Tulilalamika kwamba wanawake hawajitokezi vikaoni, na vikao vyenyewe tuliviweka jioni, saa ambayo wengi wao wana watoto mkononi na moto jikoni. Tulipohamishia asubuhi ya mapumziko, wanaume wakapeana zamu ya kukaa na watoto, mahudhurio yakapanda. Zamu hiyo, nadhani, iliwafundisha kuliko semina zote tulizowapa.

Bado nani alikuwa anaandika muhtasari? Wanawake. Nani anapanga viti? Wanawake. Fedha na kipaza sauti, wanaume, nami nikiwa mmoja wao. Siku moja dada mmoja alitupimia muda wa kuzungumza kwa saa ya simu, akasoma matokeo mwisho wa kikao bila kuongeza neno. Tangu hapo kazi zote ni za zamu, uwekahazina ukiwemo.

Kiongozi akikwambia hayo ni mambo ya nyumbani, msibishane. Kama nchi yenu imeridhia CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mfungulieni Ibara ya 16, inayohusu usawa katika ndoa na familia. Wetu alisoma mara mbili, akatupa ukumbi.

Orodha ya simu tunaipitia kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho namba mbili zilikuwa zimekufa. Tukazifuta, tukavaa viatu, tukaenda kutafuta nyingine.