Kabla Hujabadilisha Simu, Ijaribu Kwanza

Natengeneza simu jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na kila siku lazima atokee wa kuniuliza, "Fundi, toleo jipya limeshaingia?" Mara nyingi anayeuliza ana simu nzima mkononi: inapiga, inapokea, inatuma pesa. Ila jana kamwona jirani yake na nyingine.

Kwa niliyoyaona, kinachotuvuta zaidi ni yule mtu tuliyemwona nacho, kuliko kifaa chenyewe. Wala huo si ushamba, ndivyo binadamu tunavyojifunza. Mwaka 1943 watafiti Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa Iowa, Marekani, na mbegu chotara za mahindi zilizoanza kuwafikia mwaka 1928. Wengi walizisikia kwanza kwa wauzaji, lakini waliowashawishi hasa ni majirani. Na hata baada ya kushawishika, hawakupanda shamba zima. Walianza na kipande, wakaona mavuno, ndipo wakaongeza. Mkulima wa Kongwa hahitaji kufundishwa hilo.

Kwenye simu busara hiyo tunaiacha nyumbani. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nawajua waliokwenda nayo Morogoro na kurudi ili waione tu, na sikuwalaumu, kwa sababu ukishalipa nauli umemaliza. Simu ya mkopo haikuachi hivyo. Elfu mbili kwa siku inaonekana hela ya vocha, lakini kwa mwaka ni shilingi 730,000, na ukichelewa kulipa inajifunga, na namba za wateja wako zimo humo humo. Piga hesabu ya jumla kabla ya kutia saini.

Kuna mama muuza zabibu alikuja na kitochi kilichofungwa kwa mpira, namba zimefutika kwenye vitufe. Alitaka simu ya kamera tatu kwa mkopo, kama ya mwenzake wa meza ya pili.

"Utaifanyia nini, mama?"

"Niwatumie wateja picha za zabibu, mwanangu."

Sababu nzuri kabisa. Nikamwomba aazime kwanza simu ya binti yake, aifanyie biashara siku chache. Aliporudi, kamera hakuitaja tena. Wateja walitaka kujibiwa haraka, na saa nane mchana chaji ilikuwa imekwisha. Akanunua simu janja ya kawaida, betri kubwa, kwa pesa taslimu. Kitochi nikamshauri asikiuze, maana kwao Hombolo akienda siku mbili tatu, hicho ndicho kitakachobaki na chaji.

Kwa hiyo nawe azima, hata kwa siku moja, na uijaribu pale unapofanyia kazi, si dukani kwenye kivuli. Simama nayo juani saa saba, uone kama kioo kinasomeka. Ingia nayo sokoni chini ya mabati, upige simu, usikilize mtandao. Weka bando lako la kawaida, lile unalolimudu, uone linafika saa ngapi. Na muulize yule jirani uliyemwona nayo anaitumia kwa kazi gani, na kama deni lake limekwisha.